Shangazi Kaamua

Ofisini walimwita Kidole, na wala halikuwa jina la dharau. Kazi yake ilikuwa kubonyeza.

Kituo cha televisheni alichofanyia kazi kilikuwa kimekubali jambo ambalo kila mwenye nyumba alilijua zamani: watu hawatazami tena televisheni kwa macho mawili. Jicho moja liko kwenye tamthilia, la pili liko mapajani, kwenye simu. Matangazo yakianza, macho yote mawili yanahamia mapajani, na mwenye bidhaa anabaki akiuimbia ukuta. Basi kituo kikatengeneza programu yake ya simu. Tamthilia ikiwa hewani, mtazamaji anaifungua, anapiga kura, anabishana na wenzake, anabashiri nani atamsaliti nani. Na katikati ya mabishano hayo, mhusika akifanya jambo kwenye televisheni, simu inatetemeka na tangazo la jambo lilelile linatua kiganjani.

Siri ilikuwa kuwahi. Mkuu wa matangazo walimpa jina la Sekunde Tatu, kwa kuwa hakuchoka kuwaambia kwamba tangazo likichelewa sekunde tatu ni sawa na kumpigia hodi mtu aliyekwisha hama. Kidole hakuwahi kuchelewa hata sekunde mbili. Alikaa mbele ya skrini mbili, mkono wa kulia juu ya kipanya, na pembeni yake fundi mitambo, mtu mzima asiye na maneno mengi. Utaratibu ulitaka watu wawili: Kidole anatuma, fundi anathibitisha. Bila vidole vyote viwili ujumbe hauendi.

Tena alikuwa na kipaji cha maneno. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Tamthilia ya Alhamisi saa moja jioni ilihusu ukoo wenye kampuni ya mabasi, na aliyeutikisa ukoo ule alikuwa Shangazi, dada wa marehemu mwenye mali, mwanamke wa ulimi mkali ambaye watazamaji walimpenda kama ndugu yao. Kampuni moja iliyouza unga wa majani ililipa ili Shangazi apatikane na ugonjwa wa sukari, ateseke vipindi vitatu, kisha azitupe dawa za hospitali kwenye pipa la taka na kukoroga unga kwenye glasi. Kidole aliambiwa aandike maneno ya kwenye simu. Aliandika na kufuta siku nzima, mwisho yakabaki manne: "Shangazi kaamua. Na wewe?" Chini yake kitufe cha kijani cha kununulia.

Alhamisi ile, kifuniko cha pipa kilipofungwa, simu laki mbili na ushei zilitetemeka. Kabla mapumziko hayajaisha, watu elfu arobaini na moja walikuwa wamebonyeza. Sekunde Tatu aliwasimamisha wafanyakazi wote wampigie makofi. Kidole alirudi nyumbani amejaa furaha, akamkuta mama mkwe wake sebuleni.

Mama mkwe yule alikuwa fundi cherehani mstaafu. Miaka thelathini alishona sare za shule, na mpaka leo akimwona mtoto barabarani anatazama kola kwanza, uso baadaye. Mwanawe, mume wa Kidole, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo wanawake wale wawili waliishi peke yao siku nyingi za mwezi, na walipatana. Yeye alimwita Kidole "mwanangu", na hakuna aliyewahi kusikia neno "mkwe" likitoka kinywani mwake isipokuwa kwenye fomu. Sukari alikuwa nayo mwaka wa kumi na moja. Alijichoma sindano mwenyewe asubuhi na jioni, dawa ikikaa kwenye friji, mlangoni, karibu na mayai. Alhamisi hakutaka usumbufu. Ndugu walikuwa na tabia ya kupiga simu wakati wa tamthilia, akawa analalamika, ndipo Kidole akamtengenezea simu yake: kuanzia saa kumi na mbili na robo mpaka saa mbili isilie kwa mtu yeyote. Ipokee programu ya kituo tu.

Alhamisi iliyofuata Sekunde Tatu alikuja na agizo jipya. Walionunua wiki iliyopita wasiletewe tena tangazo lilelile, ni sawa na kumkaribisha mtu aliyekwisha kaa. Wao waletewe la boksi la nyongeza. Kidole ayatenganishe makundi kabla ya kipindi.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini alikuwa anateremka kwenye orodha ya wanunuzi. Kila mstari ulikuwa na namba ya simu, idadi ya maboksi, tarehe, na jibu la swali moja. Swali lile alilitunga yeye pia. Kampuni ilitaka kuwajua wateja wake, naye akaandika: "Bado unatumia dawa za hospitali?" Majibu yalikuwa mawili tu, "Ndiyo" na "Hapana, nimeacha."

Mkono ukasimama. Kulikuwa na namba aliyoijua kuliko yake mwenyewe. Maboksi mawili. Ijumaa iliyopita. Hapana, nimeacha.

Aliisoma tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayetafuta kosa ili apumue. Kosa halikuwepo. Siku sita. Akaanza kuiona wiki ile upya: jagi la maji lililohamia chumbani kwa mama, kando ya kitanda. Choo kikivutwa mara tano kabla ya kucha. Na asubuhi ile yenyewe, mama ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, akisema amesahau alichokuwa anatafuta. Kidole alikuwa amecheka. Alikuwa amesema, "Mama, uzee huo," akachukua mkoba akatoka.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga mara nne ndipo alipokumbuka kwamba ni yeye aliyeinyamazisha.

Kutoka kituoni mpaka nyumbani ni zaidi ya saa nzima kwa barabara za jioni. Alimpigia jirani, Mama Mapacha, aliyetenganishwa nao na ukuta tu. Hakupokea. Naye alikuwa mtu wa tamthilia, na mapacha wake walipenda kuichezea simu. Alimpigia mumewe, akampata kwenye kituo cha mizigo, mwendo wa siku nzima kutoka mjini. Mumewe alimsikiliza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye huko alipo hana mkono wa kufika nyumbani, atampigia kila mtu anayemjua mtaani. Kidole aliita gari la wagonjwa. Aliyepokea alimuuliza kama mgonjwa ameanguka. Akasema hajui. Akaulizwa kama mgonjwa yuko na mtu. Akasema hakuna. Akaambiwa yako magari mawili tu na yote yametoka, jina lake limeandikwa, lakini itasaidia sana kama mtu akiwa pale kumfungulia mlango na kusema hali yake.

Alirudi kwenye skrini, akatafuta namba ya mama kwenye mfumo. Kando yake kulikuwa na alama ya kijani: programu iko wazi. Basi simu imo mkononi mwake, au mapajani. Au sakafuni.

Akamfuata Sekunde Tatu, akamweleza yote kwa pumzi moja, akaomba tangazo lile lisiende. Sekunde Tatu hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akampa maji, akamwambia aende nyumbani sasa hivi akamwangalie mama yake, mtu mwingine atabonyeza.

"Sisemi habari ya mama peke yake," Kidole akasema. "Kuna watu elfu tatu mia moja na kumi na wawili wamejibu kwamba wameacha dawa. Wako kwenye orodha. Nimewahesabu."

"Hatujamwambia mtu aache dawa. Tumewauliza swali."

"Tumewaonyesha Shangazi akizitupa."

"Shangazi ni mwigizaji," akasema Sekunde Tatu. "Watu wazima wanajua mchezo ni upi na maisha ni yapi. Leo wenye kampuni wako chumba cha wageni hapo juu, wamekuja kutazama. Nikilizima tangazo dakika ishirini kabla, kesho hakuna tamthilia, hakuna mimi, hakuna wewe. Nenda nyumbani."

Kidole alitazama saa ya ukutani. Akiondoka sasa atafika tamthilia ikiwa inaisha, na mkono wa mtu mwingine utakuwa umebonyeza. Akasema atabaki amalize kazi yake. Sekunde Tatu alidhani amemwelewa, akamshika bega kwa shukrani.

Tamthilia ilianza saa moja kamili. Dakika ya sita lilitoka swali la kwanza la watazamaji, jepesi, la kuwachangamsha: nani kaiba funguo za ofisi ya mabasi? Mama hakuwahi kulikosa swali la kwanza. Alijibu kwa kasi ya mtu anayetia uzi kwenye sindano, kisha siku ya pili alijisifu. Kidole aliutazama mstari wake. Majibu ya watu wengine yalimiminika, elfu, elfu kumi, elfu thelathini. Mstari wa mama ulibaki mtupu. Alama ya kijani ilikuwa palepale.

Swali la pili, dakika ya kumi na nne. Mtupu.

Alijaribu kutuma ujumbe kwa namba mbili tu, ya mama na ya Mama Mapacha. Mfumo ukamkatalia: kundi lisipungue watu elfu moja. Kanuni hiyo iliwekwa ili watangazaji wasimwandame mtu mmojammoja. Akajaribu tena, kana kwamba mashine ingeona huruma. Simu yake ya mkononi ikatetemeka. Mumewe: hakuna aliyepokea, wote wanatazama.

Wote wanatazama. Aliyasoma maneno hayo, kisha akaifungua sehemu ya tangazo la dakika ya ishirini na moja. Maneno yake manne yalikuwa bado yamo. Akayafuta. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho, na mara mbili aliandika kitu kisichosomeka. Mwishowe ikakaa hivi:

"Usitupe dawa za hospitali. Shangazi anaigiza. Kama uliziacha na una kiu isiyoisha, nenda hospitali leo. Kama jirani yako ana sukari na ameacha dawa, inuka sasa hivi, kamgongee mlango."

Kitufe cha kijani alikiandikia: "Naenda."

Akachagua watazamaji wote. Kisha akakumbuka kidole cha pili.

Fundi mitambo alikuwa amekwisha ona. Maneno yalikuwa kwenye skrini yake, na chini yake kisanduku kikimngoja. Kwenye televisheni kubwa iliyokuwa mbele yao Shangazi alikuwa ameketi na rafiki yake wa zamani, anamsimulia alivyopona. Baada ya maneno hayo angesimama, aende jikoni, atoe kabatini dawa zilizobaki. Zilikuwa zimebaki sekunde kama arobaini.

"Una uhakika na mama?" fundi akauliza, bila kugeuza shingo.

"Sina," Kidole akasema. "Hajajibu maswali mawili."

Fundi alikuwa na watoto wanne na miaka mitano tu kabla ya kustaafu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Shangazi akasimama. Akafungua kabati. Pipa lilipofunguliwa, Kidole akabonyeza, na fundi akanyoosha mkono, akathibitisha.

Wakati uleule, bila kupungua wala kuzidi, simu laki mbili na elfu kumi na tisa zilitetemeka.

Kisha simu ya mezani ikaanza kulia, nyepesi kwanza, halafu bila kupumzika. Kidole hakuigusa. Alikuwa anatazama namba iliyokuwa chini ya kitufe cha "Naenda". Kumi na saba. Mia mbili. Mia sita na arobaini. Hatua za Sekunde Tatu zilisikika kwenye ngazi, anashuka mbili mbili.

Alipoingia hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akihema, tai imeenda upande.

"Unajua ulichokifanya?"

"Najua. Nimechelewa wiki moja."

Alimwambia aache kadi ya mlango mezani. Akamgeukia fundi, kisha akatoka tena kupanda juu walikokuwa wageni. Kidole alikuwa ameshika mkoba simu yake ilipotetemeka. Ilikuwa namba ya Mama Mapacha.

Mama Mapacha hakusalimia. Alisema alipousoma ule ujumbe alimfikiria jirani yake palepale, kwa kuwa Jumanne mama alimsifia unga wa majani kupitia juu ya ukuta, akamwambia sindano amezistaafisha. Akaenda kugonga. Kimya, na televisheni inasikika. Akazunguka mlango wa jikoni. Amemkuta kitini, miwani puani, simu mapajani, macho nusu wazi. Akiitwa jina haitiki. Anazungumza peke yake habari za kola, kwamba kola hizi zimekatwa vibaya, watoto watachekwa. "Mume wangu anawasha gari," akasema Mama Mapacha, "tunampeleka sisi, hatumsubiri mtu."

Kidole alikumbuka baadaye kwamba alishuka ngazi, lakini hakukumbuka ngazi zenyewe.

Hospitalini alimkuta mama amelazwa, mirija mikononi, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Daktari, dada mmoja mchovu, alimweleza kwamba sukari ilikuwa juu kiasi kwamba kipimo kilishindwa kuandika namba. Hakumtisha, wala hakumfariji kwa uongo. Alisema wameanza kumwongezea maji na dawa, na usiku huo ndio utakaosema. Kidole alikaa kwenye benchi la korido na Mama Mapacha, ambaye alikuwa ametoka na kandambili mbili zisizofanana. Mumewe alipiga simu kila saa akiwa barabarani. Asubuhi, mama alifungua macho akaomba maji, kisha akauliza funguo aliziiba nani.

Siku ya nne aliweza kukaa. Mumewe Kidole alikuwa amefika, ametoka nje kununua matunda. Mama alimwambia Kidole avute kiti karibu. Alikuwa amepata habari za ule ujumbe kutoka kwa Mama Mapacha, akasema anamshukuru, amemtoa shimoni. Kidole alikuwa na njia ya kunyamaza hapo. Shukrani ilikuwa mbele yake, imekwisha andaliwa, ilikuwa ni ya kupokea tu.

"Mama," akasema, "hata ule wa kwanza ni mimi niliyeuandika."

Mama alimtazama bila kuelewa.

"Ule uliouliza 'na wewe'. Na lile swali la dawa za hospitali. Yote ni mimi."

Mashine iliyokuwa kando ya kitanda iliendelea kulia taratibu. Mama alizilaza nyuzi za shuka kwa vidole, moja baada ya nyingine, kazi ya mikono iliyozoea nguo.

"Nilijua maneno yale yana mtu nyuma yake," akasema mwishowe. "Nikasema, kitu kinachotoka ofisini kwa mwanangu hakiwezi kunidhuru. Sikukuambia kwa kuwa nilitaka nipone kwanza, ndipo nikushtue."

Kisha akajigeuza, akaelekea ukutani.

Alimnyamazia siku tisa. Aliporudi nyumbani, Kidole ndiye aliyemchoma sindano, maana hakuwa na kazi ya kuwahi tena. Mama alifunua mkono, akatazama pembeni, akafunika. Salamu alizijibu, chakula alikula, lakini neno "mwanangu" halikutoka. Mumewe alijaribu kuwapatanisha kwa utani, akaona utani umegonga mwamba, akarudi kwenye lori lake.

Asubuhi ya siku ya kumi, sindano ilipokwisha, mama hakuufunika mkono.

"Wale walioacha dawa," akauliza, "ulisema wangapi?"

"Elfu tatu mia moja na kumi na wawili."

"Na siku ile wote walikuwa wanatazama?"

"Hapana. Wengi wao labda hawakuupata."

"Na unga unauzwa bado?"

Ulikuwa unauzwa. Kituo kilikuwa kimeomba radhi kwa kampuni, na Alhamisi iliyofuata Shangazi alikunywa unga kama kawaida. Kidole akamweleza. Akamweleza pia kwamba fundi mitambo amepewa barua ya onyo, ila hakufukuzwa.

Mama aliinuka, akaenda chumbani. Alirudi amevaa gauni lake la kutokea, maboksi mawili ya unga kwenye mfuko, moja likiwa halijafunguliwa, na karatasi za hospitali zimekunjwa vizuri. Akasema iko ofisi ya serikali inayosimamia dawa, na anataka kufika kabla ya foleni.

"Mama, hujapata nguvu."

"Nitakaa kwenye kiti. Kwani mtu husema kwa miguu?" Akaketi kuvaa viatu. "Lakini utayasema yote. Hata lile la kwanza kwamba ni lako. Usije ukaanzia pale ulipokuwa mwema."

"Wanaweza kunishitaki mimi pia."

"Wanaweza," mama akasema.

Walikaa kwenye benchi la ofisi ile zaidi ya saa mbili, bega kwa bega. Walipoitwa, karani alikuwa kijana mstaarabu aliyekwisha choka kabla ya saa sita. Akachukua fomu, akauliza mgonjwa ni nani. Mama akainua mkono. Basi yeye ndiye ataanza, karani akasema, akashika kalamu.

"Hapana," mama akasema, akamsogezea Kidole kiti kilichokuwa mbele ya meza. "Mwanangu ndiye anaanza."